Fundi Nyumbani: Injini ibaki juu, hewa ndiyo ishuke kisimani

Leo ukumbi huu unashuka kisimani. Wale walio Nairobi, Mombasa au Kisumu wasigeuze ukurasa wakidhani kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali. Mifereji inapokauka mtaani wiki nzima, ni nani asiyekumbuka kisima? Na mvua kubwa inapojaza maji katika shimo la msingi au katika chumba cha chini cha jumba la kupangisha, swali huwa ni lile lile: maji machafu yatolewe vipi bila ya mtu kupoteza uhai wake?

Twende basi hadi Chechelesi, nje kidogo ya mji wa Isiolo. Isiolo ni mlango wa kaskazini mwa Kenya. Kwa miaka mingi lami ilikomea hapo, na lori zilizoelekea Marsabit na Moyale ziliiaga barabara nzuri na kuingia vumbini. Siku hizi lami imefika Moyale, lakini mvua haijabadilisha tabia yake. Huadimika kwa muda mrefu, halafu huja kwa kishindo. Ukame ulioanza mwaka wa 2020 uliangamiza mifugo wengi kaskazini mwa nchi, na kabla watu hawajavuta pumzi, mvua za El Niño za mwisho wa mwaka wa 2023 zikaleta mafuriko.

Maji ya mafuriko hayabishi hodi. Yanapoingia kisimani huingia na matope, mchanga, samadi na hata uchafu wa vyoo. Yakishapungua, mwenye boma hubaki na kisima kilichojaa maji ambayo hawezi kumpa mtoto wala mbuzi. Hapo ndipo kazi ya kusafisha huanza, na hapo ndipo watu hufa.

MOSHI USIONUKA WALA KUONEKANA

Mambo huwa hivi. Mwenye kisima huazima pampu ya petroli, ile ambayo injini na pampu zimefungwa pamoja. Huiweka kando ya kisima, huteremsha paipu ndani, huvuta kamba, na injini hunguruma. Lakini maji hayapandi. Mmoja husema pampu ni dhaifu, mwingine husema paipu imetoboka. Mwishowe mwenye haraka hutoa shauri: "Tuishushe pampu yenyewe karibu na maji." Huifunga kamba, na kijana mmoja hushuka nayo ili aiwashe. Maji hutoka, watu hushangilia. Baada ya muda mfupi kijana akiitwa haitiki. Mwenzake hushuka mbio kumwokoa, naye haitiki.

Habari za namna hii zimechapishwa magazetini mara nyingi, na kila mara huandikwa kwamba watu walikosa hewa. Aghalabu muuaji huwa ni gesi iitwayo kaboni monoksidi, itokayo katika ekzosi ya injini. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni huishika damu kwa nguvu kuliko oksijeni inavyoishika, hivyo mtu huwa anapumua lakini damu yake haibebi uhai. Kwanza huumwa na kichwa, kisha hupata kizunguzungu, kisha miguu hukataa. Akitambua kwamba mambo yameharibika, huwa hana tena nguvu za kupanda ngazi.

Wazee wetu walikuwa na mbinu ya kuteremsha taa kisimani kabla ya mtu kushuka. Taa ikizimika, hawashuki. Mbinu hiyo ilisaidia kutambua upungufu wa oksijeni, lakini haitambui kaboni monoksidi: taa huweza kuendelea kuwaka vizuri mahali ambapo gesi hiyo yatosha kumwua mtu. Na katika shimo la choo moto waweza kulipua gesi ya uchafu. Kwa hiyo taa si kipimo cha kuaminika.

Shikeni neno hili, wazazi na vijana: injini ya petroli au ya dizeli haishushwi kisimani hata kwa dakika moja, na mtu akianguka ndani, wa pili asimfuate. Avutwe kwa kamba kutoka juu kama alikuwa amefungwa, au waitwe waokoaji wenye vifaa vya kupumulia.

MBONA PAMPU HAIVUTI?

Wanafunzi wetu wa fizikia watafurahi kusikia kwamba jawabu la swali hili lilipatikana huko Italia katika miaka ya 1640. Wachimbaji visima walikuwa wametambua kwamba pampu haiwezi kuvuta maji kupita mita 10 hivi, hata iwe imara namna gani. Evangelista Torricelli akaeleza sababu. Pampu haivuti maji hata kidogo. Inaondoa hewa iliyo ndani ya paipu, na uzito wa hewa iliyo nje, unaokandamiza maji ya kisima, ndio unaoyasukuma maji kupanda. Uzito huo ukishafikia kikomo chake, maji husimama.

Katika usawa wa bahari, kama kule Mombasa, kikomo hicho ni mita 10 na kidogo. Mji wa Isiolo uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kadiri tunavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito. Kwa hiyo hapo kikomo ni mita 9 hivi, na ukitoa hasara za paipu na viungo vinavyovuja, tegemea mita 6 au 7 tu. Nairobi, iliyo juu zaidi, hupungukiwa zaidi.

Basi yule aliyesema pampu ni dhaifu alikosea. Kisima chake kina mita 15 kufikia maji, na hakuna pampu duniani iliyowekwa juu itakayoyanyonya maji kutoka mita 15. Lakini kusukuma ni jambo jingine. Pampu ikiwa chini inaweza kusukuma maji juu kadiri ya nguvu zake. Hoja ni kuipeleka pampu chini na kuiacha injini juu.

PAMPU INAYOPUMUA

Ziko njia kadhaa za kufanya hivyo. Pampu ya umeme ya kuzamishwa ni nzuri sana kwa maji safi, lakini mchanga na matope huisaga upesi, na waya uliochubuka katika maji ni hatari nyingine. Njia tunayoizungumza leo ni pampu ya kiwambo inayoendeshwa kwa upepo wa kompresa. Ilibuniwa mwaka wa 1955 na Mmarekani aitwaye Jim Wilden. Sasa hutengenezwa na makampuni mengi, na hutumika migodini, viwandani, katika gereji kubwa na mahali pa ujenzi.

Neno kiwambo linatokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Mafundi wetu hukiita diaframu. Waliowahi kufungua pampu ya petroli ya magari ya zamani yenye kabureta, kama Peugeot 404, wanakijua: ni kipande cha raba kinachovutwa na kusukumwa. Madereva wa lori nao wanacho katika breki zao za upepo.

Pampu hii ina viwambo viwili, kulia na kushoto, vilivyounganishwa kwa fito moja katikati. Upepo wa kompresa huingia nyuma ya kiwambo cha kulia na kukisukuma, nacho husukuma maji yaliyo mbele yake yatoke. Wakati huo huo fito hukivuta kiwambo cha kushoto, nacho hufyonza maji mapya yaingie. Kikifika mwisho, vali ya katikati hugeuza upepo uende upande wa pili, na mambo huanza upya. Mlio wake ni kama wa mtu anayehema: puu, paa, puu, paa. Mipira minne midogo hufanya kazi ya milango, miwili ya kuingilia na miwili ya kutokea, ili maji yasirudi nyuma.

Mwanafunzi wa biolojia atasema, "Huo si ndio moyo?" Naam, amepata. Moyo nao una pande mbili na vali nne, na hauna injini inayozunguka ndani.

Faida zake ni nyingi. Hakuna umeme wala moto ndani yake. Hupitisha matope na mchanga: pampu ya inchi moja huweza kumeza punje ya milimita 3 hivi, na ile ya inchi mbili punje ya milimita 6. Ikiishiwa maji kwa muda mfupi haiungui. Ukifunga bomba la kutokea, husimama yenyewe bila ya kuharibika, na ukilifungua huendelea. Mwendo wake huongezwa au kupunguzwa kwa kufungua au kubana upepo tu.

Na nguvu zake? Hapa mtengeneza pancha atakuwa mwalimu wetu. Tairi la gari dogo hujazwa psi 30 hivi. Upepo wa kiasi hicho unaweza kuinua maji mita 20. Tairi la lori hujazwa psi 100 hivi, na upepo huo waweza kuinua maji mita 70, ukiacha hasara za njiani. Kwa kisima cha mita 15 au 20, basi, nguvu si tatizo.

TUSEME KISIMA NI CHAKO

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Chechelesi ana kisima chenye upana wa mita 1.2, na maji machafu yaliyobaki yana kimo cha mita 2. Amemwita fundi mwenye kompresa.

"Fundi," anauliza, "kwani mashine hii haiwezi kumaliza kazi leo leo, tuiendeshe mbio?"

"Inaweza, mama, lakini kisima chako hakiwezi," fundi anamjibu.

Fundi amesema kweli. Baada ya mafuriko udongo ulio nje ya kisima umelowa na una uzito. Maji yaliyo ndani huwa yanazizuia kuta. Ukiyatoa yote kwa pupa, kuta zaweza kuporomoka na kisima kikapotea. Toa kidogo kidogo, ukitazama kama kuna nyufa au udongo unaoanguka.

Sasa hesabu. Nusu ya upana ni mita 0.6. Zidisha 0.6 kwa 0.6, kisha kwa 3.14, kisha kwa kimo cha mita 2. Utapata mita za ujazo 2.26, yaani lita 2,260 hivi. Pampu ikitoa lita 60 kwa dakika, kazi ni ya dakika 38, ukiacha maji yanayoendelea kuchipuka.

Pampu huteremshwa kwa kamba imara, si kwa kuning'inizwa na paipu ya upepo. Hakikisha kwamba aina hiyo ya pampu imeruhusiwa na watengenezaji kuzamishwa. Ina matundu matatu ya kuangaliwa: la kuingizia upepo, la kutolea maji, na la ekzosi ya upepo uliokwisha kufanya kazi. Hilo la ekzosi nalo hufungwa paipu yake hadi juu ya kisima, la sivyo maji yataingia katika vali. Kompresa ikae mbali na mdomo wa kisima, mahali ambapo upepo wa asili hupeperusha moshi wake nje na si kuelekea kisimani. Kompresa ikinyonya moshi wa injini yake yenyewe, itaupeleka moshi huo huo chini.

Wakati pampu inafanya kazi hakuna haja ya mtu kuwa ndani, na hilo ndilo jambo kuu tunalolisema leo. Kuta zikihitaji kusuguliwa, kazi hiyo ni ya mafundi wa visima wenye kipimo cha gesi, mkanda mwilini, kamba, na watu wa kutosha juu wa kuwavuta. Wala asidanganyike mtu kwamba atapumua upepo wa kompresa ya gereji. Upepo huo una mvuke wa oili, na kompresa hiyo si kifaa cha kupumulia.

Matope yakishatoka na maji mapya yakiingia, kisima hutiwa dawa. Maelezo ya Shirika la Afya Duniani ni kuchanganya unga wa klorini ulio na nguvu ya asilimia 65 hadi 70 katika maji, kwa kipimo watakachoelekeza maafisa wa afya, na kutia lita 10 za mchanganyiko huo kwa kila mita moja ya ujazo ya maji ya kisima. Kwa kisima cha mama yetu, maji yakirudi katika kimo kile kile, atahitaji lita 23 hivi. Ayaache maji yatulie kwa muda usiopungua nusu saa, na usiku kucha ni bora, kisha ayatoe tena mpaka harufu kali ya klorini iishe. Maafisa wa afya ya umma wako kwa ajili ya kusaidia kazi hii, waulizeni. Na hata baada ya hapo, maji ya kunywa yaendelee kuchemshwa mpaka yapimwe.

KILA KAZI NA RABA YAKE

Pampu moja ikionekana inaweza kutoa matope, wenyewe huanza kuipeleka kila mahali. Leo kisimani, kesho kwenye oili chafu ya gereji, keshokutwa kwenye choo kilichojaa. Hapo panahitaji tahadhari mbili.

Ya kwanza ni afya. Pampu iliyogusa choo, dizeli au dawa ya josho isirudi kisimani, hata ikioshwa mara kumi. Dawa ya kupe ni sumu, na raba hufyonza vitu ambavyo sabuni haivitoi. Ukiwa na pampu mbili, zipake rangi tofauti, na paipu zake pia. Maji ya josho nayo yasimwagwe lagani. Waulizwe maafisa wa mifugo jinsi ya kuyatupa. Wanaouza vyakula, kama wale wanaoshughulika na maziwa ya ngamia yanayotoka Isiolo kwenda Eastleigh, Nairobi, watambue kwamba zipo pampu za aina hii za chakula, zenye mwili wa chuma kisichoshika kutu na raba maalumu zinazofunguliwa na kuoshwa upesi. Ile ya matope haiwi ya chakula.

Ya pili ni raba yenyewe. Viwambo havifanani ijapokuwa kwa macho vyote ni vyeusi. Kiwambo cha neoprini hufaa maji na matope. Kwa dizeli na oili hutakiwa kile cha nitraili. Raba iitwayo EPDM huvumilia maji ya moto na kemikali nyingi kali, na vijana wanaotengeneza sabuni ya maji wataipenda, lakini ikikutana na oili huvimba kama maandazi na kupasuka. Teflon huvumilia karibu kila kitu, ila ni ghali na haipindiki kwa urahisi. Mwili wa pampu nao huchaguliwa. Aluminiamu huliwa na magadi makali, asidi na klorini. Plastiki ya kawaida haili kutu, lakini usipitishe petroli ndani yake, kwa maana mwendo wa petroli hutengeneza umeme tuli, na plastiki haina njia ya kuutoa. Cheche moja yatosha. Kwa petroli tumia pampu ya chuma iliyofungwa waya wa kwenda ardhini, au afadhali uwaachie wenye kazi hiyo.

UTUNZAJI WA KILA SIKU

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Pampu hii haina mambo mengi, lakini machache iliyo nayo yanataka kufuatwa.

Kwanza, upepo uwe mkavu na safi. Hewa inapokandamizwa, unyevu wake hugeuka maji na kukaa chini ya tangi la kompresa. Kila asubuhi fungua koki ya chini uyatoe. Weka chujio na geji ya kupunguza nguvu karibu na pampu. Vumbi la Isiolo likiingia katika vali ya upepo, pampu itagoma.

Pili, anza polepole. Fungua upepo kidogo mpaka maji yafike, kisha ongeza. Pampu inayoendeshwa mbio ikiwa tupu hupiga viwambo bure.

Tatu, mwisho wa kazi pitisha maji safi mpaka yatoke meupe. Matope yakikauka ndani huwa kama saruji, na mipira ile minne hushikwa isiweze kukaa mahali pake. Baada ya klorini kuosha ni lazima.

Nne, kagua bolti. Pampu mpya au iliyofunguliwa hulegea kidogo baada ya kufanya kazi. Kaza bolti kwa kuvuka upande hadi upande, kama unavyokaza nati za gurudumu, wala usizungukie moja baada ya nyingine.

Tano, kuhusu oili. Pampu nyingi za siku hizi hazitaki oili katika upepo, na oili nyingine huharibu raba. Fuata kitabu cha pampu yako.

Sita, kabla ya kuifungua, funga upepo, toa uliobaki ndani, na mwaga maji yaliyo katika paipu. Paipu ya upepo ikichomoka ikiwa na nguvu huchapa kama nyoka aliyekanyagwa, na imewapofusha watu macho. Klipu ziwe imara, na miwani ya kazi ivaliwe.

DALILI ZA UGONJWA

Maji au matope yakionekana katika ekzosi ya upepo, kiwambo kimepasuka. Zima mara moja, kwa sababu uchafu unaingia katika vali. Kiwambo hupasuka hata kikitunzwa, kwa kuwa hupindwa maelfu ya mara kila siku. Mwenye busara hukibadilisha kabla, na hubadilisha viwili kwa pamoja.

Pampu ikihema lakini maji hayatoki, tazama kama mpira mmoja umeshikwa na uchafu, au kama chujio la kuingilia limeziba. Ikiwa pampu imewekwa juu na inavuta, kagua viungo vya paipu ya kuvutia, maana tundu dogo la kupitisha hewa linatosha kuharibu kazi. Paipu hiyo iwe ngumu, kwani iliyo laini hujikunja ikanyonywa.

Pampu isipohema kabisa, angalia kwanza kama bomba la kutokea limefungwa, kisha uangalie vali ya upepo.

Na liko tatizo moja litakalowachekesha watu wa Isiolo: barafu. Ndiyo, barafu katika joto la Isiolo! Upepo uliokandamizwa unapotoka kwa ghafula hupoa sana. Utakuwa umehisi hivyo ukitoa upepo wa tairi kwa kidole. Ukiwa na unyevu, maji huganda katika sailensa ya pampu, na pampu husimama. Baada ya muda barafu huyeyuka, pampu huondoka tena, na fundi asiyejua hudhani ni mapepo. Dawa ni kukausha upepo na kupunguza nguvu.

KUNUNUA AU KUKODI?

Upepo ni ghali. Kompresa ndogo ya pancha yenye nguvu za farasi 2 hutoa lita 200 hivi za hewa kwa dakika, na pampu ya inchi moja ikienda kwa kasi yake yote huweza kutaka zaidi ya lita 500. Kwa hiyo itakwenda kwa kusitasita, ingawa kwa kazi ya polepole yafaa. Kompresa kubwa za kuvutwa na gari, zile za kuendesha nyundo za kuvunja mawe, hutoa lita 5,000 hivi kwa dakika, na zinatosha pampu kadhaa.

Kwa sababu hiyo, mwenye boma asinunue pampu hii kwa maji ya kila siku. Kwa maji safi na jua kama la Isiolo, pampu ya sola humfaa zaidi. Pampu ya upepo ni ya kazi ngumu zinazokuja mara moja moja. Kikundi cha akina mama au cha vijana kikiwa nayo moja, na kompresa ya kukodi, kitahudumia visima vingi na kujipatia riziki. Vijana wa vyuo vya ufundi, hapo pana kazi inayosubiri mtu makini.

Gharama ya kukodi huonekana kubwa siku hiyo, hasa pampu ya petroli ya jirani inapotolewa bure. Lakini ile ya jirani ikae juu, na isipofikia maji, irudishwe kwa mwenyewe kwa shukrani. Kisima kitasubiri hadi kesho, na watoto watachota maji kwingine kwa siku mbili tatu.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya mtungi wa gesi ya kupikia na mahali pa kuuweka jikoni. Mpaka hapo, kaeni salama.